Kivuli au mkunjo: sindano ipi kwa uso wa miaka 57?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 57, mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Mwaka jana nilipungua kilo 15 kwa kutembea na kuacha sukari, na tangu hapo watu wananiuliza kama naumwa. Wengine wanasema nimekuwa na sura ya ukali hata nikiwa nimetulia. Nina mistari miwili kati ya nyusi, mikunjo ya paji la uso, mashimo meusi chini ya macho, na mifereji inayotoka puani hadi pembe za mdomo. Binti yangu anaolewa miezi mitatu ijayo. Kliniki moja ya Dar es Salaam imenipangia pakeji ya Botox (ile ya kulegeza misuli) ya paji zima pamoja na fila (sindano ya kujaza) mililita 4, baadhi yake kati ya nyusi na chini ya macho. Rafiki yangu ananishauri nichome ile ya kudumu nimalize. Binti wa dada yangu aliyeko Dubai anasema atakuja na dawa kwenye mkoba anichome nyumbani, maana amejifunza. Natumia amlodipini ya shinikizo la damu na aspirini ndogo kwa ushauri wa daktari, niliwahi kuota kovu la kuvimba sikioni baada ya kutoga, na nimeng'olewa magego manne ya juu. Nichague ipi? Na nikianza, je, siku nikiacha uso utaharibika zaidi?

JIBU: Mama, hongera kwa harusi inayokuja, na hongera kwa zile kilo 15, ambazo kwa mtu mwenye shinikizo la damu zina thamani kuliko sindano yoyote nitakayoitaja hapa. Swali lako nitalijibu, ila itanibidi kwanza niligeuze kidogo. Umeuliza uchague ipi kati ya Botox, fila na ile ya kudumu, kama mtu anayechagua kitambaa kimoja kati ya vitatu kwa ajili ya gauni lile lile. Dawa hizi hazishindani hivyo, kwa sababu kila moja ina kazi yake ambayo nyingine haiiwezi. Mtu anayekupangia zote kwa mkupuo, kabla hajakutazama ukikunja uso, ukicheka na ukilala chali, amekuuzia bidhaa tu na uchunguzi bado hajaufanya.

Katika uso wa mtu aliyevuka hamsini kuna mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana, nayo ni mkunjo na kivuli. Mkunjo hutokana na msuli unaovuta ngozi mahali pale pale kwa miaka mingi, kama karatasi iliyokunjwa mara elfu. Kivuli hutokana na kitu kilichopungua chini ya ngozi. Mafuta ya usoni hayakutandazwa kama siagi juu ya mkate. Yamegawanyika katika vifuko, na vifuko vya ndani vya shavu na vya chini ya jicho hunywea mapema kuliko vingine. Mifupa nayo hubadilika, kwa maana tundu la jicho hupanuka, mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, na mwanga unaotoka juu hukuta bonde mahali palipokuwa na mlima. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi inayoikinga na jua, ndiyo maana mistari midogo midogo ambayo kwa Mzungu huanza akiwa na miaka thelathini, kwetu huchelewa sana. Lakini melanini haizuii mafuta kupungua wala mfupa kurudi nyuma. Kwa hiyo wanawake wengi ninaowaona wakiwa na umri wako wanalalamika mikunjo, ilhali sehemu kubwa ya wanachokiona kwenye kioo ni vivuli. Wewe umepungua kilo 15, na mashavu hayakuachwa nyuma, kwa hiyo nina sababu zaidi ya kudhani hivyo.

Kabla hujapanda basi kuja Dar es Salaam, fanya majaribio matatu nyumbani. Kaa mbele ya kioo, uso ukiwa umetulia kabisa, kisha kunja uso kama ulivyokuwa ukiwatazama wanafunzi waliochelewa. Mstari unaotokea tu wakati wa kukunja ni wa msuli, na ule unaobaki hata ukitulia ni wa msuli ambao umekwisha kuandika kwenye ngozi. Pili, washa tochi ya simu na uimulike moja kwa moja usoni kutoka mbele, badala ya kutegemea taa ya darini. Weusi wa chini ya macho ukipotea ghafla, ulikuwa kivuli. Usipopotea, vuta ngozi hiyo taratibu kuelekea shavuni, na ukiona weusi unasogea pamoja na ngozi, hiyo ni rangi iliyomo ndani ya ngozi yenyewe, na hakuna sindano ya kujaza inayoondoa rangi. Tatu, lala chali ukiwa umeshika kioo juu ya uso. Ukijiona umerudi nyuma miaka kumi, tatizo kubwa ni kulegea, na kulegea hakutibiwi vizuri na sindano hata ukichomwa mililita 10. Utaishia kuwa na uso mnene uliolegea vile vile.

Sasa nianze na Botox, ambalo kwa kweli ni jina la bidhaa moja tu katika kundi zima la dawa za botulinamu. Msuli hupokea amri kutoka kwenye neva kwa njia ya kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa hii huzuia kemikali hiyo isitoke kwenye ncha ya neva, na msuli hulegea hadi ncha hiyo ijirekebishe, jambo linalochukua kwa kawaida miezi mitatu hadi minne. Haikuanzia kwenye urembo. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitumia kutibu makengeza, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Kule Vancouver, Jean Carruthers, naye daktari wa macho, aliona kwamba wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza mikunjo ya kati ya nyusi. Mume wake Alastair alikuwa daktari wa ngozi, na wawili hao wakachapisha matokeo yao mwaka 1992. FDA iliikubali kwa mikunjo hiyo mwaka 2002. Nakueleza historia hii ili ujue kwamba mahali pako pa kati ya nyusi ndipo dawa hii ilipozaliwa upya, na ndipo ninapoiamini zaidi.

Kipimo kilichothibitishwa hapo kwa Botox ni yuniti 20, zikigawanywa katika vituo vitano. Kwa Dysport, kipimo cha eneo hilo hilo ni yuniti 50. Usidhani kwamba yuniti 50 za moja ni zawadi kuliko 20 za nyingine, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mizani yake, na yuniti hizo hazibadilishani kama shilingi. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache na hukamilika karibu wiki mbili. Kwa maelezo yako, hii ndiyo sindano itakayoondoa ile "sura ya ukali", kwa sababu ukali huo unatoka kwenye misuli miwili midogo inayovuta nyusi chini na ndani, na mafuta yaliyopungua hayahusiki nao.

Paji zima, hata hivyo, nisingelichoma, angalau si mara ya kwanza. Msuli wa paji ndio pekee unaoinua nyusi. Mtu wa miaka 57 mara nyingi ana kope za juu zilizoanza kuwa nzito, na bila kujua huwa anainua nyusi siku nzima ili aone vizuri, na mikunjo ile ya paji ndiyo gharama ya kazi hiyo. Ukiulegeza msuli huo, paji litakuwa laini kama la msichana na nyusi zitakalia kope. Utapigwa picha za harusi ukionekana una usingizi, na hakuna dawa ya kuifuta botulinamu ikishaingia, ni kungoja wiki zipite. Jijaribu hivi: funga macho, lilegeze paji, kisha fungua macho huku ukilizuia paji kwa kiganja. Ukihisi kope zimekuwa nzito na unaona kidogo, mwambie daktari aliache paji, au aguse sehemu ya juu tu kwa kipimo kidogo.

Fila ni jambo tofauti kabisa. Aina inayotumika zaidi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, sukari ndefu ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye ngozi, viungo na jicho. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwa mara ya kwanza kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934. Ikiwa peke yake huyeyuka mwilini ndani ya siku chache, kwa hiyo viwanda huifunga nyuzi zake pamoja ili ikae miezi sita hadi mwaka mmoja na nusu, kutegemea ugumu wa jeli na mahali ilipowekwa. Kabla yake ilitumika kolajeni ya ng'ombe tangu mwaka 1981, na ilibidi mtu apimwe mzio kwanza. Sifa ambayo mimi naithamini kuliko zote katika jeli hii ni kwamba kipo kimeng'enya cha kuiyeyusha, hayaluronidazi, kinachoweza kuifuta ndani ya saa au siku chache ikiwa imewekwa vibaya. Kwa mtu anayechomwa kwa mara ya kwanza maishani akiwa na miaka 57, uwezo wa kurudi nyuma una thamani kuliko uwezo wa kudumu.

Na hapa ndipo pakeji ile iliponishtua. Kuweka fila kati ya nyusi ni mojawapo ya mambo ya hatari zaidi katika fani yetu. Mishipa ya damu ya pale imeungana na mshipa unaolisha jicho. Jeli ikiingia kwa bahati mbaya ndani ya mshipa kwa shinikizo la sindano, inaweza kusukumwa kinyumenyume hadi kwenye mshipa wa jicho, na inapoachwa huko, jicho hupofuka. Sehemu zinazoongoza kwa ajali hii ni kati ya nyusi, puani na kwenye paji, na mara nyingi uoni uliopotea hivyo haurudi. FDA ilitoa onyo mahsusi kuhusu jambo hili mwaka 2015. Ajali yenyewe ni nadra, lakini pale pana sindano nyingine, botulinamu, inayofanya kazi nzuri zaidi bila hatari hiyo. Sioni sababu ya kukubali, na kama wataendelea kusisitiza, ondoka.

Mshipa wa ngozi nao unaweza kuzibwa bila kugusa jicho. Vitabu vingi husema dalili ni ngozi kugeuka nyeupe, kisha kuwa na madoa kama wavu, lakini vitabu hivyo viliandikwa vikitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yako weupe huo unaweza usionekane, au ukaonekana kama kijivu hafifu. Daktari anayefahamu ngozi nyeusi atabonyeza eneo lile na kuhesabu damu inarudi baada ya sekunde ngapi, atalinganisha na upande wa pili, na atatazama fizi na ndani ya mdomo, ambako rangi haifichi kitu. Kwako wewe alama ya kutegemea ni maumivu: fila huuma kidogo kisha hutulia, na maumivu yanayozidi saa chache baadaye, au ngozi inayokuwa baridi, au kuona vibaya hata kwa dakika moja, ni dharura. Usisubiri kuche. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza kliniki yoyote ni kama hayaluronidazi ipo kwenye jokofu lao siku hiyo. Wakijibu kwamba wataiagiza ikihitajika, umepata jibu.

Chini ya macho ni pagumu kuliko panavyoonekana. Ngozi pale ni nyembamba kuliko sehemu yoyote ya mwili, na jeli ya asidi ya hayaluroniki hupenda maji, kwa hiyo mtu ambaye huamka na uvimbe asubuhi anaweza kuishia na mifuko badala ya mashimo, na ikakaa hivyo kwa miezi. Nisingeanzia hapo. Ningeanzia shavuni, juu ya mfupa na kwa kina, kwa sababu shavu likirudi mahali pake hufupisha bonde la chini ya jicho na kupunguza ule mfereji wa pua hadi mdomo kwa wakati mmoja. Watu wengi wanaodai kujazwa mfereji wanahitaji kujazwa shavu, na wanaojazwa mfereji peke yake hupata uso mzito wa mbele, ule ambao hata mtoto huutambua bila kujua jina lake.

Kuhusu kiasi: bomba moja la fila lina mililita 1 kwa kawaida, na kijiko cha chai ni mililita 5. Mililita 4 walizokupangia si chupa kubwa, lakini siku ya kwanza kwa uso usiojulikana ni nyingi. Mimi ningeweka mililita 1 kila shavu, au pungufu yake, kisha ningengoja wiki mbili hadi nne uvimbe uishe ndipo nikutazame tena.

Sasa yale magego. Jambo hilo ulilitaja kwa nusu sentensi tu, nami naona linastahili zaidi. Jino linapong'olewa, mfupa uliolishika hunywea mwaka hadi mwaka. Magego ya nyuma yanapokosekana, taya la chini hupanda juu zaidi unapofunga mdomo, na sehemu ya chini ya uso hufupika na mifereji huongezeka kina. Nimewahi kumrudisha mama mmoja kwa daktari wa meno kabla ya kumchoma chochote, na aliporudi akiwa na meno ya bandia yaliyopimwa vizuri, fila aliyohitaji ilikuwa nusu ya niliyodhani. Nenda kwa daktari wa meno kwanza. Kuna sababu ya pili pia ya kutanguliza meno, kwamba kazi ya meno hurusha bakteria kwenye damu kwa muda, na bakteria hao wakikuta jeli mpya wanaweza kusababisha vinundu. Acha angalau wiki mbili kati ya kazi ya meno na fila, kwa pande zote mbili.

Kundi la tatu ni la dawa zinazouchochea mwili utengeneze kolajeni yake yenyewe. Zipo mbili kubwa, asidi ya polilaktiki, inayouzwa kama Sculptra, na kalsiamu haidroksilapatiti, inayouzwa kama Radiesse. Ya kwanza ina historia inayotugusa. Wengi wetu tunakumbuka miaka ile ambapo watumiaji wa ARV walianza kupata nafuu ya mwili huku mashavu yakibonyea, hata jirani akawa anasoma hali ya mtu usoni. Mojawapo ya dawa zilizosababisha hilo ilikuwa stavudini, ambayo ilitumika sana Afrika Mashariki hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2009 iondolewe taratibu. FDA iliikubali Sculptra mwaka 2004 kwa ajili ya mashavu hayo hasa, kabla haijawa ya urembo. Ni dawa nzuri kwa uso uliokonda wote, kama wako huenda ulivyo, lakini huhitaji vikao kadhaa vyenye wiki kadhaa kati yake, na matokeo huja polepole kwa miezi. Haina kimeng'enya cha kuiyeyusha, na haifai kabisa kwenye midomo wala chini ya jicho kwa kuwa inaweza kuacha vinundu. Kwa harusi ya miezi mitatu ijayo imechelewa. Kwa mwaka ujao, uzito wako ukiwa umetulia, tunaweza kuizungumza.

Rafiki yako mwambie ahsante, lakini hapana. Sindano za kudumu ni silikoni ya maji au chembe ndogo za plastiki, na kuna mahali zinauzwa bila hata kutajwa jina. Tatizo lake haliko siku ya kwanza. Uso unaendelea na safari na dawa imebaki kituoni. Baada ya miaka kumi, shavu limeshuka na uvimbe uko pale ulipowekwa, au mwili umeuzungushia ukuta wa kinga na kutengeneza vinundu vigumu. Kuviondoa ni kukata, na kwa mtu mwenye historia ya kovu la kuvimba, kukata usoni ni jambo la kufikiria mara mbili.

Huenda ukatajiwa pia sindano ya damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine, yaani plazma yenye chembe sahani nyingi. Inaweza kuboresha mng'ao wa ngozi kidogo, lakini haijazi shimo wala hailegezi msuli, na usafi wake ni suala la uhai: Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba wateja wa spa moja ya New Mexico isiyo na leseni waliambukizwa VVU kupitia huduma ya aina hiyo. Na dripu au sindano za glutathione, zinazosifiwa mjini kama za "kurudisha ujana", ni za kung'arisha rangi tu. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilionya tangu mwaka 2011 kuhusu matumizi hayo. Hazina nafasi katika mazungumzo haya.

Binti wa dada yako huenda ana mkono mzuri, sina haja ya kumshuku. Shida yangu ni mkoba. Kichupa cha Botox hutakiwa kukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwa mgonjwa, na kikishachanganywa, maelezo ya mtengenezaji yanataka kitumike ndani ya saa 24. Kati ya uwanja wa ndege wa Dubai na sebule ya Tanga, pamoja na umeme wetu unaokatika, hakuna anayeweza kuapa kwamba baridi haikuvunjika. Dawa iliyopata joto huenda isikudhuru, bali isifanye kazi, nawe uambiwe uongezwe nyingine. Dawa bandia ni hatari zaidi: mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya kuchomwa botulinamu bandia au na watu wasio na leseni, na baadhi yao walilazwa hospitalini. Zaidi ya hayo, jambo baya likitokea usiku wa manane Tanga, ni nani atakayekuwa na hayaluronidazi? Mpe heshima yake kama mama zake wengine wanavyompa, muache aje kucheza ngoma, na uchomwe na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Mwombe daktari huyo abandike kwenye cheti chako kibandiko chenye jina na namba ya toleo la kila kichupa.

Kuhusu afya yako, amlodipini haina tatizo. Aspirini itakuongezea michubuko, lakini kwa kuwa umeandikiwa na daktari usiiache kwa ajili ya urembo. Michubuko hupona kwa wiki moja au mbili, kiharusi hakiponi hivyo. Lile kovu la sikio litaje bila kuulizwa. Tundu la sindano hizi ni dogo mno, na makovu ya kuvimba katikati ya uso baada yake ni nadra, tofauti na masikio, kifua na mabega. Ila liweke akilini siku mtu akikushauri upasuaji wa kuvuta uso, kwa kuwa mkato wake hupita kuzunguka sikio, mahali pale pale mwili wako umekwisha kuonyesha tabia yake. Kama una ugonjwa wa misuli kuchoka uitwao mayasthenia, au unachomwa jentamaisini wakati huo, botulinamu isiguswe.

Kalenda yako, basi, ingekuwa hivi. Wiki hii daktari wa meno, na krimu ya kukinga jua kila asubuhi, kwani weusi wa chini ya macho ukiwa ni rangi, hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza. Wiki ya tatu au ya nne, botulinamu kati ya nyusi, na pengine pembeni mwa macho kama majaribio ya kioo yanaonyesha msuli. Baada ya wiki mbili, ukaguzi, na siku hiyo hiyo fila ya mashavu ikiwa bado unaitaka, maana wengi wakishaona ukali umeondoka huridhika. Mwezi wa mwisho kabla ya harusi usichomwe chochote. Wanawake wa pwani huwa na singo, liwa, mafukizo na kukandwa uso kabla ya harusi, na mama wa bibi harusi hukaribishwa naye. Usikandwe wala kusuguliwa usoni wiki mbili baada ya fila, na siku ya botulinamu usipake chochote kwa nguvu. Wagonjwa wangu huniuliza kuhusu sijda. Kugusa mswala kwa paji kwa muda wa kawaida hakuna neno. Tunachokataza ni kusugua na kubana mahali palipochomwa siku hiyo.

Na swali lako la mwisho, kama ukiacha uso utaharibika zaidi. Haitakuwa hivyo. Botulinamu ikiisha, msuli hurudi ulivyokuwa, na mstari wa kati ya nyusi, uliopumzika miezi kadhaa, unaweza hata kuwa na kina pungufu kidogo kuliko ulivyoanza. Jeli ya shavuni hupungua polepole hadi urudi kwenye uso wako wa leo, ukiwa umeongezewa miezi iliyopita, kama ambavyo ungeongezewa bila sindano. Kinachowadanganya watu ni picha: wamezoea sura iliyojazwa, kisha wanaikuta ya kwao kwenye kioo na kudhani imeharibika. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza piga picha tatu, mbele na pande zote mbili, karibu na dirisha, bila vipodozi, ukiwa umetulia, na moja ya nne ukiwa umekunja uso. Njoo nazo, pamoja na picha moja yako ya miaka thelathini na mitano ambamo hukujua unapigwa.